Kupe za Mama Patrone

Mama Patrone alikuwa na moto tano, na kwa miaka mingi hakupanda hata moja. Kwetu Uvira pikipiki ndiyo tunayoiita moto, na motari ni yule anayebeba watu juu yake. Mimi nilikuwa mmoja wa motari wake. Alitembea kwa miguu kutoka nyumbani kwake hadi bandarini Kalundu, kisha kutoka bandarini hadi sokoni, na kama mmoja wetu akimkuta njiani na kusimama ili ambebe, alimpungia mkono aendelee, kama mtu anayefukuza kuku kwenye unga. Ukimuuliza sababu, alikuwa na jibu moja.

"Minye nitakalia namna gani juu ya kintu iko inalia?"

Na kweli moto zake zililia. Kalundu nzima ilizijua kwa vilio vyake.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alinunua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa wavuvi zikiwa bado zinameremeta, akazianika juu ya mchanga, akazipakia kwenye magari ya Bukavu. Faida ndiyo iliyozaa moto. Sisi sote alituita "mutoto", ingawa mimi nilikuwa na mke na watoto, na mkubwa wetu alikuwa na mvi kichwani. Alitukemea mbele ya abiria. Alitukatalia mapumziko. Lakini sikuwahi kumwona akila kabla hajauliza motari gani hajala.

Alama ya kwanza ya ukaidi wake niliiona katika habari ya alarme. Ilikuwa wakati wa vita, na moto ikiibwa wakati wa vita hairudi; huwezi kujua kama imechukuliwa na mwizi, au na mtu mwenye bunduki, au na mwizi aliyepata bunduki. Moto zake mbili zilipotea pale pale bandarini, mchana, watu wakipakua mizigo. Hakulia. Alinunua nyingine mbili, akavuka mpaka kwenda Bujumbura, akarudi na maboksi matano na fundi wa kuyafunga.

Kila moto ikapewa sirene, king'ora cha kupigia wezi kelele, chini ya kiti, pamoja na kifaa kidogo cheusi cha kukata umeme ili injini isiwake. Fundi alikiita kwa Kifaransa, coupe-circuit. Jina lile lilikuwa refu kwa watu wenye haraka, tukachukua kichwa chake na kuacha mkia: kupe. Hatukuwa na nia ya kutukana. Lakini asubuhi ya kwanza tulikuta betri za moto mbili zimekauka kabisa, na mkubwa wetu akasema, "Munaona? Kupe imekunywa damu usiku kucha." Tangu siku hiyo jina halikutoka tena. Hata Mama Patrone mwenyewe alilitumia. Alisimama mbele ya moto isiyotaka kuwaka na kuuliza kwa sauti ya muuguzi, "Kupe yako inakuuma?"

Mambo yaliyoziamsha zile sirene siwezi kuyamaliza. Mvua. Radi. Gari la mizigo likipita karibu. Kuku akirukia kiti. Mtu akipiga chafya kwa nguvu, na hapo sitanii. Jumapili moja moto zote tano zilikuwa zimepangwa nje ya kanisa letu, na kwaya ilipofika penye ngoma kubwa, moto ya kwanza ikalia, ya pili ikaitikia, kisha zote tano zikawa zinaimba kuliko kwaya. Padri akanyamaza, akasubiri, zikaendelea. Mwisho akasema, "Mama Patrone, bana bako banakuita."

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Mama akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akatoka akiwa ameinua kichwa kama mtu anayekwenda kupokea komunyo. Tulisikia pii-pii moja, pii-pii ya pili, mpaka ya tano. Akarudi na kukaa. Wakati wa kutoka, jirani yake alimwambia kwa mzaha atoe makelele yale, anaharibia watu sala.

"Kama inalia, iko hai," alijibu. "Ile haikuliaka njo ile baliiba." Alikuwa na maana ya zile mbili za bandarini.

Telekomande, vile vidude vya kufinya vya kufunga na kufungua kupe kutoka mbali, alizibeba mwenyewe. Alizifunga kwenye kamba moja, mbili kwa kila moto, akaivaa kiunoni chini ya kitenge, na akitembea zilikuwa zinagongana taratibu. Kila jozi ilikuwa na uzi wa rangi yake. Zangu zilikuwa za uzi mwekundu. Hakuhitaji kutazama. Aliingiza mkono, vidole vikatafuta fundo la uzi, akafinya. Motari hakugusa telekomande hata siku moja. Asubuhi tulijipanga mbele yake, anafungua moto moja moja, anasema, "Enda na Mungu." Jioni tunarudi, anafunga.

Hapo ndipo shida yetu ilipoanzia. Kupe zile zilikuwa na tabia ya kujifunga zenyewe. Ukizima moto na kuondoka, baada ya muda mfupi kupe inauma, na bila telekomande moto haiwaki tena hata ukiisukuma mpaka Bukavu. Na telekomande iko Kalundu, kiunoni kwa Mama. Basi hatukuzima. Ulikuwa ukifika Luvungi, mbali kule kwenye uwanda, umeleta abiria na unangoja mwingine, unakula ugali wako na moto inanguruma pembeni. Unaingia kujisaidia, inanguruma. Unazungumza na mkwe wako habari nzito za ndoa, inanguruma. Watu wa Luvungi walituzoea. Walikuwa wakituuliza, "Nyiye, kwenu moto haizimaka?" na sisi tunacheka nao huku mafuta yanaisha.

Siku moja nilichoka. Nilikuwa nimesoma sekondari, nikaona elimu yangu inanipa ruhusa ya kusema kwa niaba ya wengine. Nikamwambia mbele ya watu wa parking, kituo chetu cha kungojea abiria:

"Mama, unatufanya bezi, na sisi hatukuibaka kintu. Ungetupatia kila muntu telekomande yake."

Akaigusa kamba yake kiunoni.

"Bale bezi babili ba mbele, balikuwa na masura gani?"

"Sijui, Mama."

"Na minye sijui. Njo maana sipatie muntu."

Wenzangu wakaangua kicheko, nami nikapanda moto nikaenda. Nilikuwa na haki, lakini nilisema vibaya na mahali pabaya, na baada ya pale hakuna aliyethubutu kumrudia kwa hilo jambo. Ningemfuata nyumbani kwa utulivu, labda mengine yasingetokea.

Maana nyumbani alikuwa mtu mwingine. Mlango wake haukuwa na kufuli. Sufuria ya samaki ilikaa jikoni, na aliyepita alipakua. Wakati watu wa milimani waliposhuka wakikimbia mapigano, wengine walilala kwake wiki nzima bila yeye kujua wote ni akina nani. Nilimuuliza kwa nini haogopi wezi kule. Alishangaa kweli kweli.

"Nyumba iko na magurudumu?"

Kitu kingine: betri. Zile betri ndogo za telekomande, za mviringo kama vifungo vya koti, hazikupatikana Uvira. Zilitoka ng'ambo, na mpaka ukifungwa kwa sababu ya vita, hazipo. Zikianza kuchoka, Mama alizitoa na kuzianika juani kwenye ungo, kando ya ndagala. Aliamini jua linazirudishia nguvu kidogo. Mimi niliyesoma fizikia nilimweleza kwamba haiwezekani. Akafinya telekomande, moto ikaitika pii-pii. Siku iliyofuata akafinya, kimya, nami nikajikohoza. Akasema tu, "Leo jua ilikuwa kidogo." Zilinuka samaki. Mikono yake pia, na hata ile kamba, na mimi mpaka leo nikisikia harufu ya ndagala zinazokauka nasikia pamoja nayo mlio wa pii-pii.

Sasa nifike kwenye siku Mama aliyopanda moto.

Mkubwa wetu, yule mwenye mvi, alisimamishwa na watu wenye bunduki kwenye uwanda, karibu na njia inayopanda kwenda Lemera. Sitasema walikuwa wa upande gani; miaka ile pande zilikuwa nyingi, na bunduki ilisema lugha moja. Wakamwamuru azime. Akazima. Wakamwambia ashuke, wanachukua moto. Akashuka. Walipojaribu kuiwasha, kupe ilikuwa imeshauma. Wakasukuma, wakapiga teke, sirene ikalia. Wakamrudia yeye. Walidhani ameikata kwa makusudi. Walitaka telekomande, naye hakuwa nayo. Wakampiga kwa vitako vya bunduki mpaka mkono ukavunjika, wakaivunja moto kwa mawe, wakaenda. Wakulima wakamwokota na kumpandisha hospitali kule Lemera.

Habari ilitufikia Kalundu siku ya pili. Mama Patrone alikuwa anageuza ndagala. Aliisikiliza yote bila kuinuka. Kisha akauliza swali moja.

"Baliomba nini?"

"Telekomande, Mama."

Aliendelea kugeuza ndagala mpaka akamaliza safu nzima. Akanawa mikono, akafunga kamba yake kiunoni, akaja hadi kwenye moto yangu.

"Nibebe."

Nilidhani sikusikia. Akapanda mwenyewe, vibaya, miguu upande mmoja, akanishika shati kwa nguvu mpaka kifungo kikatoka. Tulipita uwanda, tulipita Luvungi, na watu waliotujua walitazama wasiamini: Mama Patrone juu ya moto. Nilikuwa naogopa njia, lakini nakiri pia kwamba nilijisikia fahari.

Pale njia inapoelekea milimani kulikuwa na kamba imefungwa kutoka mti mmoja hadi mwingine, na vijana wenye bunduki. Kama ni wale wale, sikujua.

"Zima moto!"

Mdomo wangu ulitangulia akili. "Afande, tukizima haitawaka tena."

"Niko naomba maoni yako? Zima!"

"Zima, mutoto," alisema Mama nyuma yangu.

Nikazima. Tukashuka. Wakatuuliza tunakotoka, tunakokwenda, na maneno yakachukua muda, na muda ndio ambao kupe inautaka. Kijana mmoja akaja akakalia moto yangu kama yake.

Sirene ikapasuka.

Sijui kama msomaji amewahi kusikia bunduki nyingi zikikokiwa kwa pamoja. Mmoja alijitupa chini kwenye mahindi. Aliyekuwa juu ya moto alianguka nayo, ikalia zaidi. Mama aliingiza mkono kiunoni, akafinya, haikuwa yenyewe. Akafinya nyingine, bado. Yule aliyejua nyuzi zake gizani na kanisani, leo alikuwa anabahatisha. Ya tatu ikaitika pii-pii, na ukimya ukarudi.

Mkuu wao akamsogelea na mtutu. "Toa hiyo kintu."

Akaivuta kamba yote nje ya kitenge: telekomande nyingi, nyuzi za rangi, vitaa vidogo vyekundu.

"Hizi ni redio! Uko unaongea na banani?"

"Niko naongea na moto, chef," alisema, na sauti yake ikawa imerudi. "Gusa, utaona."

Mkuu akaigusa moto kwa ncha ya kiatu. Ikalia. Mama akafinya, ikanyamaza. Akagusa tena, Mama akafinya tena. Nilimwona yule mtu akizuia kicheko. Alikuwa kijana tu. Kisha akakumbuka yeye ni nani.

"Hii moto tunachukua."

"Chukua, chef. Lakini bila hii, itakufia pale mbele." Akafungua fundo, akatoa telekomande moja yenye uzi mwekundu. Akamwonyesha taratibu, kama anavyomfundisha mtu kuchambua samaki. "Hapa unafunga. Hapa unafungua. Ukizima, inajifunga yenyewe, usisahau. Iko na hasira lakini haina roho mubaya."

"Na ikinikatalia?"

"Haitakukatalia."

Miaka yote ile sikuwahi kuishika telekomande hata kwa kuiazima, na sasa ilikuwa mkononi mwa mtu aliyetuelekezea bunduki. Wakatuacha tupite kwa miguu. Tukaanza kupanda njia ya miguu, na nyuma yetu mkuu alikuwa anaendesha moto yangu mbele na nyuma barabarani, wenzake wakimshangilia.

Nikakumbuka kwamba kila moto ilikuwa na telekomande mbili.

"Mama," nikanong'ona, "ile ya pili uko nayo. Chef eko karibu bado, ukifinya moto itazimika. Kata."

Akaendelea kupanda.

"Kata sasa, Mama! Njo kazi yake! Ulizinunua ju ya hii!"

Akasimama. Akaishika kamba, akatafuta uzi mwekundu, akaitoa. Moyo wangu ulifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ulivyofanya. Akaiweka mdomoni. Kwa meno alifungua kifuniko chake, akatema betri kiganjani, akanishika mkono, akaiweka ndani na kuvikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja.

"Kamata. Ile moto ikikufa, itakufa chini ya nani?"

"Chini ya chef wao."

"Na chef atarudi kwa nani?"

Nikageuka kutazama barabarani.

"Kwa weye, mutoto. Minye muzee bataniacha. Sasa tembea."

Tulitembea. Mngurumo wa moto ukawa mdogo nyuma yetu mpaka ukaisha, na haukukatika hata mara moja. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Kitu kile kilitengenezwa kwa saa ile hasa, moto iko mikononi mwa aliyeichukua kwa nguvu. Mara nyingine karibu zote kililia kwa ajili ya mvua na kuku. Mara moja tu mbele ya macho yake ndipo kazi yake ilipofika, na yeye mwenye nacho alikitoa betri. Mimi ningefinya. Nasema hivyo bila kujitetea. Ningefinya kwa furaha, na tungezikwa wawili kwenye mahindi ya watu.

Hospitalini tulimkuta mkubwa wetu ameketi, mkono umefungwa, uso umevimba. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Sikufunga moto," alimwambia. "Nilikufunga weye."

Yule mzee alijaribu kucheka, midomo ikamuuma. "Mama, baliuliza telekomande. Nikabaambia, hata muniue, ule Mama hapatiaka muntu. Bakakataa kuamini kama kuko Mama wa vile."

Mama Patrone alicheka. Alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka, kisha kicheko kikabadilika, akavuta kitenge usoni na kukaa hivyo muda mrefu. Mkubwa wetu alimpigapiga mgongoni kwa mkono wake mzima.

Tuliporudi Kalundu alimwita fundi kwa zile moto tatu zilizobaki. "Toa yote." Fundi akamwonya kwamba moto zitasumbua, nyaya zimekwisha kukatwa na kuungwa, na zikiibwa asimlaumu. "Toa," alisema. Na kweli zilisumbua. Moja haikuwahi kuwaka vizuri tena bila kusukumwa. Nyingine iliibwa kabla mwaka haujaisha. Hakununua ya kuziba pengo. Asubuhi tulijipanga mbele yake kama zamani, mimi sasa nikipokezana moto na mwenzangu, bila pii-pii, na alituambia "Enda na Mungu", na kwa siku za kwanza mkono wake bado uliingia kiunoni kutafuta uzi. Tukifika Luvungi tulizima. Wenyeji walitoka nje kuuliza kama kuna mtu amekufa.

Baadaye vita vilitutawanya. Mimi nilihamia upande wa uwandani, nikalima, nikazeeka. Nilikuwa nasema nitakwenda kumsalimu, na safari ya Kalundu si ndefu, lakini nilikuwa naiahirisha, na kwa hilo sina sababu ya kumpa mtu.

Nilikwenda mwishowe. Nilimkuta nje ya nyumba yake, mlango wazi nyuma yake, ungo wa ndagala magotini. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Nilimwamkia, akainamisha kichwa upande, akasikiliza.

"Ni weye? Ni ule wa 'kata'?"

Basi hilo ndilo lililokuwa jina langu kwake miaka yote.

"Ni minye, Mama."

Akacheka, akaagiza niletewe chakula kabla sijaketi. Tuliongea juu ya mkubwa wetu, ambaye amekwisha kufa, kwa ugonjwa wa kawaida, kitandani kwake. Barabarani lori lilipita na moto ya mtu ikaanza kulia, nyembamba, bila mwisho. Mkono wa Mama uliondoka kwenye ungo na kwenda kiunoni, ukarudi. Wakati huo nikaiona ukutani, kwenye msumari: kamba yake. Zote zilikuwa zimeondoka isipokuwa telekomande moja, yenye uzi uliokuwa mwekundu.

"Mama," nikasema, "ile ilikuwa ya moto yangu. Unipatie, niweke ukumbusho."

"Apana."

"Mpaka leo unaniona mwizi?"

"Mwizi apana. Lakini ulisema 'kata'. Wa kusema 'kata', sitamupatia."

"Mama, moto haiko tena. Na ile haina betri."

"Najua haina. Betri iko wapi?"

Nikatoa pochi yangu. Ilikuwa ndani ya kikaratasi, ambako imekaa tangu siku ile, imeota ukungu mweupe, imekufa zamani. Nikaiweka kiganjani mwake. Aliigeuza kwa vidole vile vinavyonuka samaki, akaitambua, akanishika mkono, akanirudishia na kuvikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja.

"Hii ikae kwako, na ile ikae kwangu. Njo maana tuko bazima bote babili."